Rachel Zoe Hakuwa Akinunua Nguo Tu

Septemba 2008 kituo cha Bravo cha Marekani kilianza kurusha The Rachel Zoe Project, kipindi kilichomfuata stailisti wa mastaa wa Hollywood kazini kwake. Kilidumu misimu mitano, kikafungwa mwaka 2013. Tulimwona Rachel Zoe ofisini Los Angeles, tukamwona kwenye maonyesho ya mitindo New York na Paris, tukaingia naye kwenye vyumba ambamo waigizaji huvalishwa saa chache kabla ya kukanyaga zulia jekundu. Hadi leo kikitajwa mbele ya watu wanaojiona makini, hukumu hutoka kesi haijasikilizwa: upuuzi wa matajiri, wanawake wanaopiga mayowe juu ya viatu. Mimi nakipenda kipindi hiki na nakiheshimu. Kilituingiza jikoni kwa watu ambao kazi yao ni kuhakikisha mtu mwingine anaonekana vizuri, na kikatuacha humo muda wa kutosha kuona jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu. Madai ya wanaokibeza nimeyasikia sana, na mengi ukiyagusa yanaanguka.

Linalotangulia yote ni kwamba stailisti hana kazi. Anaingia dukani, anachagua gauni zuri, anampelekea staa, basi. Tena wengine humchanganya na mbunifu, wakashangaa mbona hajui kushona.

Gauni la zulia jekundu kwa kawaida halitoki dukani. Linatoka kwenye nyumba ya mitindo, na mara nyingi ni sampuli, ileile aliyoivaa mwanamitindo jukwaani Paris au Milan, ambayo huenda iko moja tu duniani. Stailisti anaiona pale jukwaani, anaiwekea alama, kisha anaanza kuiomba. Wanaoombwa ni watu wa uhusiano wa nyumba hiyo, na simu zao wakati huo zinaita mfululizo kutoka kwa mastailisti wengine wanaoitaka nguo hiyohiyo kwa usiku huohuo. Nao wana maswali yao. Ni ya nani? Ameteuliwa kuwania tuzo gani? Ataingia saa ngapi, wapiga picha wengi wakiwepo au wameshaondoka? Ana mkataba na nyumba nyingine? Wakikubali, gauni linafungwa kwenye sanduku, linapita forodha, linafika Los Angeles siku chache kabla ya shughuli, pengine siku yenyewe. Na huku bado halijavaliwa, jarida fulani la London linalitaka kwa ajili ya picha zake, kwa hiyo tarehe ya kulirudisha imeshapangwa.

Hiyo ni nguo moja ya mteja mmoja. Msimu wa tuzo za Marekani huanza Januari na Golden Globes na kuishia kwenye Oscar, Februari au Machi. Mwigizaji aliyeteuliwa hupita kwenye mazulia mengi katikati hapo, na hatarajiwi kuonekana mara mbili na vazi moja. Kila vazi lina viatu vyake, mkoba wake, nguo zake za ndani, vito vyake. Vito vya thamani kubwa huja na mlinzi wa kampuni iliyoviazima, na huondoka naye usiku huohuo. Sasa zidisha kwa idadi ya wateja.

Kisha njoo kwenye chumba cha kujaribia, ambako kipindi kilikuwa kizuri kuliko kote. Sampuli imekatwa kwa mwili wa mwanamitindo mrefu. Mwigizaji ni mfupi kuliko yeye, kifua chake kipana zaidi, na bega moja liko chini kidogo ya jingine kama yalivyo mabega ya wengi wetu. Fundi anapiga magoti kwenye pindo, pini mdomoni. Gauni linatakiwa kurudi, kwa hiyo mara nyingi kitambaa hakikatwi. Kinakunjwa kwa ndani na kushikizwa kwa mishono ambayo kesho itafumuliwa bila kuacha tundu. Stailisti anamwambia mwigizaji aketi, kwa sababu atakaa ndani ya gari kwenye foleni na hariri hukunjamana. Anamwambia apande ngazi, kwa sababu akishinda atazipanda mbele ya dunia nzima. Jennifer Lawrence alianguka kwenye ngazi hizo mwaka 2013 akiwa ndani ya gauni kubwa la Dior. Stailisti anampiga mwigizaji picha kwa fleshi, mbele na nyuma, kwa sababu kitambaa kinachoonekana kizito chini ya taa ya kawaida huweza kuonyesha kila kitu mbele ya kamera. Palipolegea panatiwa tepu yenye gundi pande mbili. Anayeyaona haya yote na bado akasema ni kununua nguo, hajawahi kukaa kwa fundi mkesha wa Idi na kuona nguo za watu kumi zikigombea cherehani moja.

Februari 2011 Anne Hathaway aliendesha sherehe ya Oscar pamoja na James Franco. Mwendeshaji wa kike hubadilisha nguo usiku mzima, na Zoe ndiye aliyemvalisha: gauni jekundu la Valentino la kuingilia, kisha, kadiri saa zilivyokwenda, Givenchy, Vivienne Westwood, Tom Ford, Armani Privé, na suti ya Lanvin katikati yake. Kila badiliko lilitakiwa kufanyika nyuma ya pazia ndani ya dakika chache, zipu isikwame, viatu viwepo, hereni zilingane. Zoe alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho. Mwanawe wa kwanza alizaliwa mwezi uliofuata. Nikisoma mtu akiandika kwamba mwanamke huyu "anacheza na nguo", nakasirika kabisa, na sioni aibu kusema hivyo.

Dai la pili lina heshima kidogo. Linasema mwigizaji mwenye kujua thamani yake hahitaji kuvalishwa. Wakongwe walijivalisha wenyewe na walipendeza kuliko hawa wa leo.

Hawakujivalisha. Enzi za studio kubwa mwigizaji alikuwa mali ya studio kwa mkataba, na studio ilikuwa na idara nzima ya mavazi. Edith Head wa Paramount, aliyejizolea Oscar 8 za ubunifu wa mavazi, ndiye aliyetengeneza lile gauni la hariri la buluu nyepesi alilolivaa Grace Kelly aliposhinda mwaka 1955. Mfumo huo wa mikataba ulipovunjika, waigizaji waliachwa wafanye wenyewe, na matokeo yake yamehifadhiwa kwenye picha. Mwaka 1989 Demi Moore alifika kwenye Oscar na vazi alilojibunia, lenye kaptura ya kubana kama ya mwendesha baiskeli chini ya sketi iliyofunguka mbele. Alichekwa, na bado huchekwa kila orodha za mavazi mabaya zinapoandikwa. Wakati huohuo Giorgio Armani, aliyefungua duka Beverly Hills mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, alishaona pengo na kuanza kuwavalisha mastaa. Televisheni nazo ziliongeza kamera kwenye zulia, na maswali ya mtangazaji Joan Rivers yakageuza nguo kuwa habari. Pengo lililoachwa na idara za studio ndilo walilolijaza mastailisti.

Watu hunijibu kwa Sharon Stone, ambaye mwaka 1996 alivaa fulana ya shingo ndefu ya Gap kwenye Oscar na akasifiwa. Ni kweli, na ni mfano mzuri. Lakini sketi yake ilikuwa ya Valentino na koti lilikuwa la Armani, na yeye alikuwa na jicho ambalo si kila mwigizaji amejaliwa. Kuigiza ni kipaji kimoja, kuvaa ni kingine. Hakuna anayemlaumu mwigizaji kwa kutojiandikia mswada wa filamu.

Na nguo hizo zina matokeo. Mwaka 2002 Halle Berry, aliyekuwa akivalishwa na stailisti Phillip Bloch, alipokea Oscar akiwa na gauni la Elie Saab la rangi ya zabibu lenye maua yaliyotariziwa kifuani. Saab alikuwa mbunifu wa Beirut ambaye Wamarekani wengi hawakumjua. Baada ya usiku ule walimjua. Mtu aliyelipeleka gauni la Mlebanoni kwenye mwili wa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike alifanya uamuzi wenye uzito, na uamuzi huo ndio kazi yenyewe.

Kuhusu nguo za bure sitakaa sana. Wanasema mastaa na mastailisti wao wanazawadiwa nguo za mamilioni huku dunia ina njaa. Sehemu kubwa ya nguo hizo ni za kuazima na zinarudi. Mwaka 2015 Lupita Nyong'o alivaa kwenye Oscar gauni la Calvin Klein Collection lililojaa maelfu ya lulu, na siku chache baadaye likaibwa hotelini kwake West Hollywood kabla ya kupatikana. Polisi waliitwa, magazeti yakaandika bei, na hapo ndipo watu wengi walipoanza kufikiri nani hubeba dhamana nguo ya namna hiyo ikipotea. Stailisti anayeazima hulala na wasiwasi huo kila msimu.

Halafu kuna wale wanaosema kila kitu kilitungwa. Televisheni ya uhalisia, wanasema, ni maigizo ya watu wasiojua kuigiza.

Hapa nawapa haki yao. Sina shaka kwamba mazungumzo yalirefushwa, ugomvi ukakatwa na kuunganishwa upya ili uwe mkubwa, na watu wakaombwa kurudia waliyokwisha kuyasema. Ndivyo vipindi hivi vinavyotengenezwa, na Bravo ilikuwa bingwa wa mtindo huo kwa The Real Housewives na vingine. Misemo ya Zoe ya kufa kwa uzuri wa gauni, iliyorudiwa mpaka ikawa mzaha wa nchi nzima, ilipewa nafasi kubwa kuliko ilivyostahili. Lakini tofautisha yanayotungika na yasiyotungika. Tarehe ya Oscar haiahirishwi kwa ajili ya kamera za Bravo. Anne Hathaway alionekana na Armani Privé kwenye Oscar ya 2009, na wapiga picha wa mashirika yote walikuwepo. Gauni ama limefika ama halijafika. Zipu ama imefunga ama imegoma. Kipindi kilichojengwa juu ya ratiba ya kazi ya kweli kina mfupa ambao mhariri hawezi kuuondoa, na ndiyo maana sehemu zake nzuri ni zile za kuchosha: masanduku yanayofunguliwa, orodha zinazosomwa, mtu anayetafuta kiatu cha pili.

Kosa halisi la kipindi wanaokibeza hawalitaji. Ni pesa. Tulimwona Rodger Berman, mumewe wakati huo, mtu aliyetoka kwenye benki ya uwekezaji akaja kuendesha kampuni ya mkewe, akihangaika na biashara yenye jina la mkewe. Lakini malipo ya kumvalisha mtu, hayo yaliguswa juujuu. Mwigizaji anapoitangaza filamu, mara nyingi studio ndiyo inayomlipa stailisti, na humlipa kwa kila mwonekano. Ndani ya malipo hayo wamo wasaidizi, mafundi, usafirishaji na wakati mwingine nguo za ndani na viatu. Fedha huchelewa. Wabunifu wa mavazi ya filamu wana chama chao, Costume Designers Guild, na wana tuzo yao ya Oscar tangu 1949. Mastailisti wa zulia jekundu walikuwa kila mtu na lwake. Kipindi chenye kamera ndani ya ofisi ya stailisti kwa misimu mitano kilikuwa na nafasi ya kutueleza hayo kwa ukamilifu, hakikuitumia, na nakilaumu kwa hilo.

Lipo dai moja zito kuliko yote, na yeyote anayemtetea Zoe lazima alikabili. Katikati ya miaka ya 2000, kabla kipindi hakijaanza, wateja wake kadhaa vijana walikuwa wembamba mno, na magazeti ya udaku yalimtuhumu yeye kwamba ndiye anayewasukuma wakonde ili waingie kwenye nguo. Alikanusha. Mimi sikuwepo chumbani na sitajifanya hakimu wa miili ya watu. Ninachokipinga ni mahali lawama ilipowekwa na ikaishia.

Sampuli hutengenezwa kwa saizi moja, saizi ya mwanamitindo wa jukwaani, na saizi hiyo huamuliwa na nyumba za mitindo. Stailisti huazima kilichopo. Mwigizaji asiyeingia kwenye sampuli ana njia tatu: ashonewe mahususi, na nyumba hukubali hilo kwa wachache, anunue, au avae kisichotakiwa na mtu mwingine. Ukitaka ushahidi kwamba tatizo liko kwenye sampuli, tazama yaliyompata Leslie Jones mwaka 2016. Ni mchekeshaji mrefu, mweusi, mwenye mwili, aliyeigiza kwenye filamu ya Ghostbusters ya mwaka huo, na alisema hadharani kwamba hakuna mbunifu anayetaka kumvalisha kwa ajili ya uzinduzi. Christian Siriano alijitokeza, akamshonea gauni jekundu, na ikaonekana mara moja kwamba hakuna kilichokuwa kigumu ila nia. Stailisti Law Roach naye amesimulia jinsi nyumba kubwa zilivyokataa kumwazima nguo mteja wake Zendaya miaka ya mwanzo, alipokuwa binti mweusi wa televisheni ya watoto. Alimvalisha kwa wabunifu waliokuwa tayari, na zilizokataa alizihifadhi kwenye kumbukumbu yake.

Kwa hiyo ndiyo, zulia jekundu lina dhambi ya miili, na mastailisti ni sehemu ya mfumo unaoitenda. Zoe alikuwa na nguvu ya kuisema mapema na kwa sauti kuliko alivyofanya. Lakini kumfanya mwanamke mmoja kuwa chanzo cha jambo linaloanzia kwenye meza ya kukatia nguo huko Paris ni kuwapa nafuu wenye meza. Waliopiga kelele juu yake hawakuwahi kuziuliza nyumba hizo kwa nini sampuli ina saizi moja.

Nimeliacha mpaka sasa dai ambalo mashabiki wenyewe ndio hulisema, kwa kuwa ndilo linaloniuma zaidi: kwamba Taylor alikuwa mnuno na Brad alikuwa msaliti.

Taylor Jacobson na Brad Goreski walikuwa wasaidizi wa Zoe. Taylor aliondoka baada ya msimu wa pili, Brad baada ya wa tatu. Kipindi kilimchora Taylor kama mtu wa sura nzito asiyeridhika, na Brad kama kijana mchangamfu mwenye tai ya kipepeo, mpaka alipotangaza kwamba anakwenda kujitegemea. Hapo watazamaji wakaanza kumhesabia fadhila alizopewa.

Angalia walichokuwa wakikifanya. Msaidizi hupokea sanduku, hutoa kila kitu, hupiga picha kila kitu, huandika limetoka wapi, ni la mteja yupi, linarudi lini. Hutenganisha viatu kwa saizi. Hupiga pasi ya mvuke gauni ambalo bei yake inazidi mshahara wake wa mwaka mzima. Bosi akisema "lile la dhahabu", lazima ajue ni lipi kati ya yote ya dhahabu yaliyotundikwa mbele yake. Shughuli ikiisha, wageni wakienda kwenye karamu, yeye anabaki akihesabu hereni, kwa sababu moja ikikosekana ankara itakuja. Na asubuhi masanduku ya marejesho yanaondoka huku ya shughuli nyingine yanaingia. Mtu anayefanya kazi hiyo mwaka nenda mwaka rudi akiwa na sura nzito, sioni cha kumshangaa. Sura yake ndiyo iliyokuwa taarifa ya kweli kuliko zote ndani ya kipindi.

Kuhusu Brad, nauliza: alitakiwa afanye nini? Kazi hii haina chuo. Zoe mwenyewe alisoma sosholojia na saikolojia George Washington University, akaanza kama msaidizi wa mitindo kwenye jarida la YM, akapanda, kisha mwaka 1996 akaondoka kujitegemea. Hakuna aliyemwita msaliti wa YM. Brad alisoma historia ya sanaa. Law Roach alitoka Chicago, kwenye duka la nguo za zamani. Kila mmoja wao alijifunza kwa kubeba masanduku ya mtu mwingine au kwa kushika nguo nyingi mno kwa mikono yake. Huo ni uanagenzi, na mwanagenzi akishaijua kazi huondoka na kufungua kibanda chake. Fundi mkuu anayeona hiyo ni khiyana alitaka mtumishi. Mwaka 2012 Brad alikuwa na kipindi chake, It's a Brad, Brad World, kwenye kituo kilekile, na Jessica Alba miongoni mwa wateja wake. Zoe alionekana kuumia, na naamini maumivu yalikuwa ya kweli, kwa maana walikaa pamoja kuliko wanavyokaa ndugu wengi. Lakini watazamaji hawakuwa na haki ya kuligeuza kuwa kesi ya uaminifu. Kijana alipata ujuzi, akautumia.

Anayesema Zoe alitengenezwa na televisheni nitamjibu kwa sentensi moja: kipindi kilipoanza tayari alikuwa na miaka 12 ya kujitegemea, wateja wakubwa wa Hollywood na kitabu, Style A to Zoe, kilichotoka 2007.

Limebaki la kwamba haya ni ya Hollywood, hayatuhusu sisi wa Nairobi na Dar es Salaam.

Machi 2014 Lupita Nyong'o alipanda jukwaa la Oscar kupokea tuzo ya mwigizaji bora msaidizi kwa 12 Years a Slave. Miezi michache kabla, watu wachache nje ya Kenya walimjua. Stailisti wake, Micaela Erlanger, alikuwa amempitisha kwenye zulia baada ya zulia akiwa na rangi ambazo wengi walidhani si za ngozi nyeusi: nyekundu kali, kijani, zambarau, nyeupe. Usiku wa Oscar alivaa Prada ya buluu nyepesi, na alipoulizwa alisema rangi ile inamkumbusha Nairobi. Mwezi uliofuata Lancôme ilimtangaza kuwa balozi wake. Kipaji kilikuwa chake, na tuzo ilikuwa ya kipaji. Lakini makampuni ya vipodozi huangalia picha, na picha zile zilipangwa na mtu aliyekuwa akiomba, akiazima, akipima na kurudisha, kama Zoe na wasaidizi wake walivyokuwa wakifanya kwenye skrini. Fahari tuliyoiona Wakenya, Watanzania na Waganda usiku ule ilipitia mikononi mwa stailisti.

Na kazi yenyewe iko kwetu. Mwaka uleule wa 2008 Bravo ilipoanza kumrusha Zoe, Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week jijini Dar es Salaam. Tangu wakati huo nyuma ya video za wasanii, matangazo ya simu na usiku wa tuzo za hapa amekuwepo mtu anayekwenda Gikomba au Karume alfajiri kuchambua mitumba kabla wengine hawajafika, anayemwomba mbunifu wa mjini amwazime koti, anayekaa kwa fundi mpaka saa sita za usiku suruali ibanwe. Wapo wanaolipwa kwa kutajwa Instagram tu. Koti likirudi na doa la vipodozi kwenye kola, yeye ndiye anayegombana na mbunifu, kwa sababu msanii ameshasafiri kwenda kwenye onyesho jingine na meneja hapokei simu.

Vijana wanaoingia kwenye kazi hii wakiniuliza wajifunze wapi, nawaambia watafute misimu miwili ya mwanzo ya The Rachel Zoe Project, waruke ugomvi, wasimamishe picha kila Taylor anapoonekana na karatasi zake. Nao waandike hivyo: vazi, mwenye vazi, mvaaji, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, hali yake linapotoka. Ongeza saini mbili chini ya ukurasa, ya aliyeazima na ya meneja wa msanii, na lile doa lina mwenyewe wa kulilipia.